Mbio za Rafu ya Maharage

Genival alikuwa na kazi ambayo mtu mzima hawezi kuitaja mbele za watu bila kushusha sauti: alipandisha bei. Si kwamba alizipanga yeye. Bei zilipangwa ofisini na Seu Otoniel, yaani Bwana Otoniel, mwenye supamaketi, aliyekuwa akiamka na simu sikioni. Kazi ya Genival ilikuwa kushika kile kimashine cha vibandiko, ambacho mtaa mzima ulikiita bastola, na kupita rafu hadi rafu, ta, ta, ta, akibandika bei ya leo juu ya bei ya jana. Kopo la maziwa likikaa rafuni wiki mbili, lilivaa vibandiko kama mgonjwa aliyefungwa bendeji.

Akiba haiozi, wanasema watu. Waliosema hivyo hawakuishi Recife, kule Brazili, miaka ile bei zilipopanda kila siku. Akiba iliozea mfukoni mchana kweupe. Mshahara wa Jumatatu ulitosha chakula cha mwezi. Uungoje hadi Ijumaa, uone ulivyopungua bila wewe kununua hata kiberiti. Na haraka, ambayo kwingine haina baraka, pale ndiyo iliyokuwa na baraka zote. Mtu alitoka kazini na bahasha yake mkononi akakimbia moja kwa moja hadi dukani, akabeba mchele, maharage, unga wa muhogo, mafuta, sabuni, kila kitu kwa mpigo, kabla bastola haijafika.

Si wote waliokimbia. Daktari mmoja wa kule ufukweni, aliyekuwa akifuliwa nguo na Dona Zulmira, yaani Bi Zulmira, mkazi wa kilimani, hakuwahi kukimbia hata siku moja. Pesa yake ililala benki ikaamka imenona, maana benki ziliwaongezea wenye akaunti kila siku kadiri bei zilivyopanda. Pesa ya Zulmira ililala chini ya godoro ikaamka imekonda. Wote wawili walikula maharage ya nchi moja, ila mmoja aliyanunua akitembea na mwingine akihema.

Zulmira huyo alikuwa mjane, mwembamba, mwenye mapengo ya meno ya mbele yaliyomfanya acheke huku amefunika mdomo. Alilipwa kwa siku, kwa hiyo alishuka kilimani kila siku. Akifika mlangoni pa supamaketi alivua ndala, akazishika mkononi, na mara akimwona Genival anageuka kuelekea rafu ya maharage, akachomoka.

"Seu Genival, leo nakuacha hapohapo ulipo!"

"Dona Zulmira, utateleza uvunje kiuno. Nani atamfulia daktari?"

"Kiuno changu hakikuhusu! Bandika wewe, bandika!"

Na kila siku, hatua chache kabla ya maharage, karatasi ya vibandiko ilikwama. Genival alisimama, akaitikisa bastola, akaifungua, akaipuliza, akalaani kiwanda kilichoitengeneza. Zulmira akapita kama upepo, akanyakua kilo yenye bei ya jana, akaiinua juu mbele ya wanawake wenzake.

"Nimemshinda tena!"

Wanawake wakapiga makofi na vigelegele, wakamzomea Genival, wakamwita Seu Mkosi. Naye akainamisha kichwa, akifungafunga kimashine chake. Karatasi haikuwa imekwama. Haikuwahi kukwama hata mara moja katika miaka yote ile, na Seu Otoniel angejua, Genival angekuwa nje na mkoba wake siku hiyohiyo.

Alimwachia kwa nini? Sikiliza basi. Mtu anayepandisha bei hana rafiki. Kwenye baa ya kona, wanaume waliokuwa wakicheza domino walimpisha kiti kwa adabu, kisha mmoja akakumbuka kwamba ameitwa nyumbani, na mwingine akamfuata. Hawakumtukana. Walimuuliza tu, kama wanavyouliza habari za mvua, "Kesho mafuta yanapanda?" Mkewe alikwenda São Paulo kumtembelea dada yake, na ziara hiyo haijaisha mpaka leo. Jumapili ilipita nzima bila mtu kumwita kwa jina. Ni Dona Zulmira peke yake aliyelitaja jina la Genival huku anacheka, na mtu mwenye kiu haulizi kikombe kimetoka kwa nani.

Alikuwa na jambo moja alilolitaka, na alilitaka kwa moyo wake wote. Watu wa kule, ukifika mwezi wa Juni, huwasha mioto mbele ya milango yao kwa ajili ya watakatifu. Wawili wanaopendana kwa wema hushikana mikono juu ya moto, wakauzunguka mara tatu wakimtaja mtakatifu, na wakitoka hapo ni ndugu. Ni kama kuchanjiana, ila bila wembe. Ndugu wa moto huingia jikoni kwako bila kubisha hodi. Ukiugua anakaa kando ya kitanda chako, ukifa analibeba jeneza. Wenye waume na wake huwasha moto wao siku ya Mtakatifu Yohana. Wajane huwasha wa kwao siku chache baadaye, siku ya Mtakatifu Petro. Genival alikuwa anakaribia miaka hamsini na hakuwa na ndugu wa moto hata mmoja.

Akapanga hivi: siku ya Petro atapanda kilima hadi kwenye moto wa Zulmira, amwambie ukweli kuhusu ile karatasi, kisha amnyooshee mkono. Alijua hana kingine cha kumpelekea. Sura hana, pesa hana, hadithi za kuchekesha hana. Lakini miaka yote ile ya kusimama mbele ya maharage, hiyo alikuwa nayo, na aliamini kwamba mwanamke akiisikia hawezi kumkatalia mkono.

Akaahirisha mwaka mmoja, akaahirisha na wa pili. Mwoga hakosi sababu.

Ndipo mwaka wa tisini na nne, mwezi wa Machi, serikali ikaja na mambo yake. Ilikuwa imeshajaribu mara nyingi kuzizuia bei. Ilikata sifuri kwenye noti, ikabadilisha jina la pesa, mara nyingine ikaamuru bei zisimame. Zikasimama kweli, na nyama ikatoweka buchani ikaenda kuuzwa vichochoroni. Kwa hiyo Seu Otoniel aliposimama karibu na mashine za kulipia kueleza mpango mpya, wateja walimtazama kama watu wanaomsikiliza mlevi mpole.

"Kuanzia leo kila kitu kina bei mbili," alisema. "Hii ya kruzeiro, pesa yetu ileile, ni ya kulipia. Na hii nyingine, ya kipimo kipya, ni ya kuhesabia tu."

"Na mimi nikikitaka hicho kipimo mkononi?" akauliza Zulmira.

"Hakishikiki, Dona Zulmira."

"Kiko benki?"

"Hakipo popote. Ni hesabu."

"Ehee! Jamani, mmesikia? Tulikuwa na pesa isiyotosha, sasa tumeletewa isiyokuwepo!"

Duka zima likaangua kicheko. Seu Otoniel naye akacheka, kisha akajifuta jasho. "Nisikilizeni. Mshahara nao unahesabiwa kwa kipimo hichohicho. Kruzeiro zikioza leo, siku ya malipo unaongezewa kadiri zilivyooza."

"Anaongezewa nani? Daktari au mimi?"

"Wote."

"Mimi na daktari kwenye mstari mmoja," Zulmira akasema polepole. "Hilo nitaliamini nikiliona." Akavua ndala zake akangoja mbio zianze.

Hazikuanza. Kilo ya maharage ilibandikwa kibandiko kimoja cha kipimo kipya, na kibandiko hicho kikakaa. Kilichobadilika ni ubao mmoja tu pale mlangoni, ulioandikwa kila asubuhi kipimo kimoja kinalingana na kruzeiro ngapi, na bei ya siku ikawa moja kwa wote, aliyekimbia na aliyejikongoja. Kruzeiro ziliendelea kuporomoka, lakini ziliporomoka pale ubaoni, zikiacha maharage na mchele mahali pake. Wiki zikapita, watu wakaanza kutaja bei kwa kile kisichokuwepo na kusahau kile walichokuwa wameshika. Wajanja wale wa serikali walikuwa wamewazoesha watu pesa kabla ya kuichapa.

Siku moja Zulmira alisimama katikati ya duka, ndala mkononi, miguu mitupu kwenye vigae, akamtazama Genival aliyekuwa amekaa juu ya kreti bila kazi.

"Seu Genival, sasa nakimbia nini mimi?"

"Kimbia tu, Dona Zulmira. Kwa mazoea."

Alicheka, mkono mdomoni. Kisha akaangusha ndala chini, akazivaa, akaenda kwenye maharage akitembea taratibu kama mke wa daktari. Genival akausikia moyo wake unadidimia, na hakuelewa vizuri kwa nini, maana habari yenyewe ilikuwa njema.

Mwaka ule aliapa hataahirisha. Siku ya Petro alinyoa ndevu asubuhi, akavaa shati jipya la miraba chini ya koti la kazi, akanunua chupa ndogo ya pombe ya miwa ya kupeleka. Jioni alipokuwa anavua koti, Seu Otoniel alisimama mlangoni amebeba maboksi.

"Unakwenda wapi? Leo hatoki mtu. Pesa mpya inaingia keshokutwa, na duka zima linabandikwa upya. Kila kitu, Genival. Mpaka njiti za meno."

"Seu Otoniel, leo nina mahali."

"Wewe?" Tajiri yake alishangaa kwa dhati, wala hakukusudia kumuumiza. "Mahali gani?"

Genival alivaa koti tena. Walibandika mpaka alfajiri. Alipotoka nyuma kutupa karatasi, aliiona mioto kilimani, mingi, midogo kwa mbali, akajaribu kukisia ule wa Zulmira ni upi, akashindwa.

Tarehe mosi Julai pesa mpya, reali, ikaingia mitaani, moja kwa kruzeiro elfu mbili mia saba hamsini, na ile hesabu iliyokuwa haishikiki ikashikika. Wanawake walisimama mbele ya rafu wakisoma bei, wakarudi wiki ya pili wakazisoma tena, wakatazamana. Mmoja alimfuata Genival kwa wasiwasi, akamuuliza kama anaumwa, mbona habandiki. Watu walioishi miaka mingi kwa kukimbia walijifunza kununua nusu kilo. Kuku, aliyekuwa wa sikukuu, akaanza kuonekana Jumatano.

Zulmira alikuja mara ya mwisho mwezi wa Agosti. Alinunua kuku, akampungia Genival.

"Hutaniona tena huku, Seu Genival! Dona Erundina amefungua kiduka pale juu, mlango kwa mlango na kwangu. Bei ileile. Nishuke ngazi zote hizi kwa ajili gani?"

Alisema bila ubaya wowote. Ni kweli, ashuke kwa ajili gani? Genival alifungua mdomo, lakini palikuwa na foleni, na keshia, na kuku anayedondosha maji. Akasema, "Salama, Dona Zulmira."

Bastola ikawekwa kwenye droo. Seu Otoniel hakumfukuza; alimpeleka stoo kupanga makreti, mahali ambapo mtu anaweza kukaa kutwa bila kusikia sauti isiyo ya panya. Mshahara wake sasa ulifika mwisho wa mwezi ukiwa na nguvu zake. Alinunua feni. Alinunua viatu kwa kulipa kidogokidogo, kitu ambacho zamani kingekuwa wazimu kwa muuzaji. Hakuwa na haki ya kulalamika na alilijua hilo. Lakini mchana mmoja, akiwa amekaa peke yake kati ya makreti, alijikuta anaomba bei zipande. Kidogo tu. Hata kama ni za maharage peke yake. Alipojisikia anachoomba aliona aibu kubwa, akasimama haraka kana kwamba kuna aliyemsikia. Nchi nzima ilikuwa imepona, na yeye alikuwa anaililia homa.

Mwaka ukazunguka. Siku ya Petro ilipofika tena hapakuwa na wa kumzuia. Alivaa shati lile la miraba, akachukua chupa, akapanda ngazi za kilima mwanga ukiwa bado haujakwisha.

Moto wa Zulmira ulikuwa mbele ya mlango wake, na watu wamekaa kuuzunguka juu ya viti na ndoo zilizofudikizwa, mahindi yakichomwa kando. Mwenyewe alikuwa katikati anasimulia, akicheka mdomo wazi bila kuufunika. Alikuwa na meno. Meno mapya, meupe, ya mkopo wa miezi kumi na miwili, na kwa ajili hiyo alicheka hata pasipochekesha. Nguo za daktari bado alizifua yeye; daktari aliongeza ghorofa, Zulmira aliongeza meno, na huo ndio usawa uliofika kilimani. Lakini pesa ya Jumatatu sasa ilimkuta Ijumaa ikiwa pesa.

"Basi navua ndala, nazishika hivi," alikuwa anasema, "naye ananiona, anaelekeza bastola kwenye maharage... Mama yangu! Huyu hapa mwenyewe!"

Wote wakageuka. Genival alisimama na chupa yake, asijue pa kuweka mikono.

"Njoo, Seu Genival, njoo! Umeletwa na Mtakatifu Petro. Hawa hawaniamini hata mmoja. Huyu mkwe wangu ananiita mwongo kwenye moto wangu mwenyewe!"

Mkwe, kijana mnene aitwaye Adeílton, alicheka akitafuna hindi. "Sijasema mwongo, mama. Nimesema kwa miguu hiyo? Kila siku? Miaka yote? Jamaa alikuwa anakuachia. Si ndiyo, Seu Genival? Sema ukweli, alikuwa anaachiwa huyu."

Yale maneno aliyoyabeba kilima kizima, mtu mwingine alikuwa amemtolea mdomoni akamwekea mkononi. Kilichobaki ni kusema ndiyo tu. Akamtazama Zulmira.

Alikuwa ameacha kucheka. Midomo ilifunika meno mapya. "Ulikuwa unaniachia?" aliuliza, na hakuuliza kwa mzaha. Aliuliza kama mgonjwa anayemuuliza daktari kama atapona.

Genival akaona jambo ambalo hakuliona miaka yote aliyosimama pale akipuliza kimashine. Mwanamke huyu alikuwa wa mwisho kila mahali. Wa mwisho kwenye foleni ya maji, wa mwisho kulipwa, aliingia kwa daktari kwa mlango wa nyuma. Ni mbele ya rafu ile tu alipowahi kumpita mtu. Na yeye alikuwa amepanda ngazi zote hizi kuja kumnyang'anya hicho, halafu amwombe mkono.

"Nikuachie?" alisema. "Seu Otoniel angenifukuza siku ya kwanza. Sikumwachia, bwana mdogo. Nilijaribu kila njia. Mama mkwe wako ana miguu ya shetani."

Kelele zikalipuka. Zulmira akaruka kutoka kwenye kiti, akampiga mkwewe kwa kitambaa, akapiga kelele, "Mmesikia? Mmesikia kwa masikio yenu? Kwa miguu yangu!" Macho yalimng'aa kwa machozi. Akamkumbatia Genival upesi, kwa furaha, kama mtu anavyoukumbatia mti uliomkinga na mvua, akampa hindi la moto na kumkalisha kwenye ndoo. Pombe yake ikazungushwa, ikaisha, wala hakuna aliyeuliza imeletwa na nani.

Alikaa. Alingoja. Bado angeweza kunyoosha mkono, hakuna sheria inayosema lazima uje na zawadi. Lakini angesemaje? Watu wanaungana undugu kwa sababu ya jambo, na jambo lake alikuwa amelizika sasa hivi mbele ya mashahidi.

Moto ulipotulia, Zulmira alisimama, akajipangusa mikono. "Erundina! Ulinikopesha unga nilipokuwa nalipia meno, hukunidai hata kwa jicho. Njoo hapa." Mwenye kiduka akainuka kwa aibu. Wakashikana mikono juu ya makaa, wakazunguka mara tatu wakimtaja Petro, na walipoachana walikuwa ndugu. Watu wakapiga makofi. Genival naye akapiga, kwa nguvu kuliko wote.

Alipoaga, Zulmira alimsindikiza mpaka kwenye ngazi ya kwanza.

"Huna kinyongo na mimi, Seu Genival? Nilikuaibisha sana kule dukani."

"Sina, Dona Zulmira. Ulinishinda kihalali."

"Wewe mtu mwema. Kweli. Adui yangu mwema!" Akacheka, meno yote nje, akageuka mbio kurudi kwa watu wake.

Alishuka. Kwenye mlango mmoja na mwingine palikuwa na moto wa mjane na watu waliosogeleana, nao walimwitikia salamu yake kwa adabu. Katikati ya ngazi, mahali pasipokuwa na mlango, alisimama akayasema maneno aliyokuja nayo, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na mwenzake: "Karatasi haikuwa inakwama." Akasikiliza kidogo. Kisha akaendelea kushuka, akafika kwake, akawasha taa na feni, akala lile hindi lililokwisha kupoa, akiwa amesimama.